Nimepona saratani, lakini titi hili silipendi

Somo wangu, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Houston, Texas, ila kwetu ni Mombasa. Nina miaka 44, mume na watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita nilionekana na saratani kwenye titi la kushoto. Nilikatwa titi lote, na siku hiyo hiyo wakaniwekea chini ya msuli wa kifua kimfuko cha kutanua ngozi. Kila baada ya wiki moja au mbili nilikwenda kutiwa maji ya chumvi kwa sindano mpaka ngozi ikatanuka ya kutosha. Ikaja mionzi, kisha nikarudishwa chumba cha upasuaji, kimfuko kikatolewa nikawekewa titi la silikoni. Alhamdulillah saratani imeondoka, vipimo vyote safi.

Shida yangu naona aibu hata kuiandika. Titi hili silipendi. Limekaa juu karibu na mtulinga, gumu, la duara, na mwaka huu naona linazidi kukaza. La kulia limeteremka kama la mama yeyote aliyenyonyesha. La kushoto halina chuchu wala hisia. Nyumba za huku zina kipupwe mchana na usiku, na titi nalo hupoa, nikiligusa nashtuka kama nimegusa mwili wa mtu mwingine. Usiku hulikandamizia chupa ya maji ya moto nilipashe kabla mume hajaja kulala.

Kisha kuna kituko. Nikikanda unga wa chapati, titi linaruka. Nikisukuma mikono mbele linapanda na kukimbilia kwapani, nikilegeza linashuka. Binti yangu aliliona siku moja chini ya dera akauliza, "Mama, hicho ni nini?" Tangu hapo nanunua chapati za dukani.

Kila nikienda kliniki muuguzi hunipa kishikwambi nijaze maswali ya kama nimeridhika na titi. Nimebonyeza "nimeridhika sana" kuanzia juu mpaka chini, kila mara. Daktari ni mwanamume, mtu mpole. Akiingia hutazama kifua changu akasema kazi imetoka vizuri. Nitamwambiaje mtu aliyehangaika nami hivyo kwamba sikuipenda kazi yake? Nilijaribu kumwambia mama kwa simu, akanijibu, "Mwanangu, wenzio wako kaburini, wewe walilia umbo?" Mume wangu hasemi neno, lakini mkono wake unalikwepa lile titi kana kwamba pana kidonda.

Shoga yangu wa hapa anasema matiti haya lazima yabadilishwe kila miaka kumi, na mwengine ameniambia silikoni yenyewe inaleta saratani. Je, nilitoe tu? Na bima ya kazini kwa mume wangu itakubali kulipa tena ilhali fomu zote zinasema nimeridhika? Desemba mpwa wangu anaolewa Mombasa, fundi ameomba vipimo vya kifua, sijampa mpaka leo.

Au ni mimi sina shukrani, Somo?

Mama wa Wawili, Houston

SOMO ANAJIBU

Marahaba, Mama wa Wawili. Pole kwa uliyopitia, na hongera kwa kupona.

Kabla sijafika kwenye maswali yako, ile chupa ya maji ya moto iache leo. Titi lilipokatwa, mishipa ya fahamu inayopeleka hisia kwenye ngozi ilikatwa pamoja nalo, kwa hiyo ngozi hiyo ikiungua haitakwambia. Wako wanawake waliopata malengelenge na vidonda kwa chupa kama hiyo, kwa mto wa umeme, hata kwa kikausha nywele, na hawakujua mpaka walipojitazama kwenye kioo. Ngozi iliyopigwa mionzi hupona kwa tabu, na kidonda kikichimba kikafikia silikoni, huenda ikabidi itolewe kwa dharura. Silikoni haina damu ya kuipasha, hufuata joto la kilichoizunguka, ndiyo maana hupoa ndani ya kipupwe. Nguo nzito itakutosha. Na mume akiliona baridi, alipashe mwenyewe kwa kiganja.

Tuje kwenye shukrani. Unamshukuru Mungu kwa uhai, na titi hulipendi. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hakuna linalolifuta jengine. Usichukue neno langu tu, itazame fomu yenyewe. Kutokana na ulivyoieleza, huenda ni ile inayoitwa BREAST-Q, au dada yake. Ilitungwa na madaktari na watafiti wa Marekani na Kanada, wakiongozwa na daktari wa upasuaji Andrea Pusic, ikatangazwa mwaka 2009. Houston yako ndiyo mji alikowekewa silikoni mwanamke wa kwanza duniani, Timmie Jean Lindsey, mwaka 1962. Bibi huyo hakuwa hata ametafuta matiti, alikwenda kufutiwa michoro ya tatuu kifuani! Kwa miaka mingi baada ya hapo, waliopima kama kazi imefaulu walikuwa wapasuaji wenyewe, kwa kutazama picha na kuhesabu vidonda na maambukizi. Ndipo wakaja hawa wa BREAST-Q wakakaa na wanawake, wakawauliza, na wakayapanga maswali kwa mafungu. Kuridhika na titi ni fungu lake, raha ya nafsi fungu lake, mwili na maumivu ya kifua fungu lake, mambo ya chumbani fungu lake, na daktari na wauguzi wana mafungu yao pia. Kila fungu hupata alama zake kati ya 0 na 100, hawayachanganyi.

Maana yake unaweza kumpa daktari wako alama zote upande wa upole na huduma, kisha ukalipa titi alama ndogo, na hujamtukana mtu. Fomu hiyo huuliza unavyojiona kwenye kioo ukiwa umevaa na ukiwa huna nguo. Huuliza kama titi ni laini, kama linaning'inia kama la kawaida, kama mawili yanalingana, kama unalihisi ni sehemu ya mwili wako. Uliyoniandikia mimi ni majibu ya maswali hayo hayo, moja baada ya jengine. Umempa Somo majibu, ukampa daktari adabu.

Na adabu hiyo inakugharimu, kwa sababu mengi unayolalamikia yana jina na yana tiba.

Ule ugumu, kwanza. Mwili ukiwekewa kitu kigeni hukizungushia utando wa kovu. Kila aliyewekewa silikoni anao, na kwa wengi hubaki mwembamba wasiujue. Kwa baadhi utando hujikaza, hulifinya titi likawa gumu, likapanda juu, likawa la duara, na baadaye likauma. Mionzi ni katika mambo yanayoongeza hatari hiyo zaidi. Madaktari huupima kwa daraja nne: la kwanza titi ni laini, la tatu ni gumu na umbo limeharibika kwa macho, la nne kuna maumivu. Mimi sijakugusa, siwezi kukupa daraja, lakini mtu anayesema titi limepigwa mionzi, limepanda na linazidi kukaza mwaka hadi mwaka, hana tatizo la shukrani. Ana dalili, na zinatakiwa ziandikwe kwenye faili lake. Usidanganywe kulikanda kwa mafuta ukitaraji utando utalegea.

Kule kuruka ukikanda unga nako ni jambo linalojulikana. Silikoni yako imewekwa chini ya msuli wa kifua. Msuli huo ndio unaosukuma mkono mbele, ukijikunja unalibana titi na kulipandisha. Wanaofanya mazoezi ya kunyanyua mwili kwa mikono hulijua, na wakuna nazi wangelijua pia lau wangeulizwa. Kwenye chumba cha daktari umekaa umetulia, mikono mapajani, kwa hiyo halioni. Basi fanya hivi: siku moja watoto wakiwa shule, vaa sidiria tu, kanda unga, na umwombe mume akurekodi kwa simu kuanzia shingoni kushuka. Nenda na video hiyo. Siku hizi wapasuaji wengi huiweka silikoni juu ya msuli, na wako wanaoihamisha ya zamani kutoka chini kuja juu. Kwa ngozi iliyopigwa mionzi, tena ikiwa nyembamba, hilo si la kila mtu, na hapo ndipo unapohitaji jibu la anayelishika titi kwa mkono.

Hisia ndiyo ninayoogopa kukupa matumaini ya bure. Wengine hurudishiwa kidogo kwa miaka, pembeni pembeni, lakini operesheni uliyofanyiwa hurudisha umbo, si hisia, na nadhani ulistahili kuambiwa hivyo kwa maneno mepesi kabla hujatia saini. Huenda uliambiwa. Mtu aliyetajiwa neno saratani wiki iliyopita hasikii hata nusu ya anayoambiwa.

Sasa uchaguzi. Utando unaweza kutolewa na silikoni ikabadilishwa, ingawa palipopigwa mionzi unaweza kujirudia. Mafuta yanaweza kunyonywa tumboni au mapajani yakapandwa chini ya ngozi ya titi kuilainisha na kuficha mikunjo. Silikoni inaweza kutolewa kabisa titi likajengwa kwa nyama yako mwenyewe, ngozi na mafuta ya tumbo la chini, au msuli wa mgongoni. Hii ni operesheni kubwa, ya saa nyingi, yenye kovu jengine na wiki nyingi za kupona, na si kila hospitali inaiweza. Lakini wewe uko kwenye mji wenye hospitali kubwa za saratani, mlango huo uko wazi kwako kuliko kwa walio wengi. Au silikoni inaweza kutolewa na kifua kikasawazishwa bapa, kwa mshono uliopangwa, bila ngozi za ziada za kuning'inia. Hilo nalo ni chaguo kamili, na wako wanaolichagua wakalala usingizi mzuri.

Ukiniuliza kwa upande wangu ningeanzia kuuliza wapi, ningeuliza habari ya nyama ya mwenyewe. Kuna utafiti mkubwa uliofanyika kwenye vituo 11 vya Marekani na Kanada, uliowafuatilia kwa fomu hiyo hiyo wanawake wapatao 2,000 na kutangazwa mwaka 2018. Miaka miwili baada ya upasuaji, waliojengewa kwa nyama yao waliridhika na matiti yao zaidi ya waliowekewa silikoni. Lakini tumbo walikochotewa nyama huweza kubaki limelegea au lina udhaifu, usisahau kuliuliza hilo. Wala hiyo si hukumu juu ya silikoni. Wako wengi waliowekewa na wamefurahi nayo, hasa waliofanyiwa matiti yote mawili kwa pamoja na hawakupigwa mionzi, wakarudi kazini mapema, wala hawaandiki barua kwa Somo. Wewe una upande mmoja, una mionzi, na la kulia linaendelea kuzeeka kama Mungu alivyolipanga huku la kushoto limesimama palepale. Hata mpasuaji hodari hupata tabu kuyalinganisha.

Kuhusu miaka kumi, shoga yako kasikia nusu. Silikoni si kitu cha maisha yote, na kadiri inavyokaa ndivyo uwezekano wa kuhitaji operesheni nyengine unavyoongezeka, lakini hakuna tarehe ya kwisha muda kama ya dawa. Isiposumbua, haibadilishwi kwa sababu ya kalenda. Inachotaka ni kuchunguzwa, kwa kuwa inaweza kupasuka kimya kimya. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inashauri kipimo cha MRI au ultrasaundi miaka mitano hadi sita baada ya kuwekewa, kisha kila miaka miwili au mitatu.

Na yule wa saratani, naye kasikia nusu nyengine. Hakuna ushahidi kwamba silikoni huirudisha saratani ya titi. Kilichopo ni aina adimu ya saratani ya tezi za limfu, huota kwenye ule utando, na imehusishwa zaidi na silikoni zenye ganda la kukwaruza. Ndiyo maana mwezi wa Julai 2019 kampuni ya Allergan iliziondoa sokoni duniani kote zile zake za Biocell. Wewe umewekewa baada ya hapo. Hata hivyo itafute kadi uliyopewa siku ya operesheni, ina jina la kiwanda, aina na namba. Kama huioni, omba nakala. Na siku yoyote, hata miaka mingi ijayo, titi likivimba ghafla au ukapapasa uvimbe, usingoje miadi.

Bima. Marekani ina sheria ya mwaka 1998 juu ya haki za wanawake waliokatwa titi kwa saratani. Bima ikishalipia kukatwa titi, inatakiwa ilipie hatua zote za kulijenga, upasuaji wa titi la pili ili yalingane, titi la bandia la kuvaa, na matatizo yanayotokana na kukatwa, ukiwemo mkono kuvimba. Soma tena hapo pa titi la pili: kulinyanyua la kulia lilingane na la kushoto ni haki yako, si urembo. Utalipa sehemu yako ya kuchangia kama kwa tiba nyengine, na ipo mipango michache, kama baadhi ya ile ya makanisa au ya serikali za majimbo, inayoweza kuwa nje ya sheria hii. Kwa hiyo mume aombe jibu kwa maandishi kutoka ofisi ya waajiriwa. Sheria haiulizi kama uliwahi kubonyeza kuwa umeridhika. Ila bima husoma alichoandika daktari, na daktari hawezi kuandika asichoambiwa. Faili likisema "mgonjwa hana malalamiko" kwa miaka miwili, ataliombea nini?

Basi usingoje miadi ya kawaida. Mwandikie muuguzi kwa ule mfumo wa ujumbe wa hospitali, umwambie majibu yako ya nyuma hayakuwa ya kweli na unataka kujaza upya. Hatashangaa. Omba muda mrefu zaidi na daktari, na kama ulimi unakwama kutaja chuchu kwa Kiingereza mbele ya mwanamume, omba mkalimani wa Kiswahili, mwanamke. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa zimtoe bila kukulipisha, ingawa mara nyengine atakuja kwa simu. Usimtumie binti yako wala shoga yako kwa kazi hiyo. Na ukitaka kusikia maoni ya mpasuaji wa pili, nenda, huko kwenu si kumvunjia mtu heshima.

Mume ananikalia moyoni kidogo. Huyo hakuchukii, anaogopa kukuumiza. Alikuona na mirija ya kutolea maji ubavuni, picha hiyo haijamtoka. Hajui kwamba pale hapaumi, na atajuaje ikiwa wewe mwenyewe hukandamiza chupa gizani kabla hajaingia? Mshike mkono umwonyeshe: hapa sisikii kitu, hapa pembeni nasikia kidogo, hapa hapana usiguse. La kulia lina akili zake zote, mkumbushe. Na ikiwa hutaki la kushoto liguswe kabisa, hiyo pia ni ruhusa yako kuisema.

Mama mwache kidogo. Yeye yuko Mombasa, kawaona watu wakiuza viwanja kutafuta matibabu, na wanawake wakirudi kutoka hospitali wakajaza pamba kwenye sidiria na maisha yakaendelea. Alikuwa anakuzika kichwani mwake kila simu ikilia usiku. Ukimwambia kuhusu umbo haelewi. Mwambie linakaza na daktari anataka kulitazama, hapo ataelewa, na ni kweli.

Ya arusi: usikubali operesheni yoyote ipangwe kwa ajili ya tarehe ya arusi. Kupona hakufuati kadi ya mwaliko, na hutaki mirija ikutoke kwenye ndege. Kwa Desemba, omba kliniki ikuandikie kipande cha kusawazisha cha kuvaa ndani ya sidiria, kimo kwenye sheria ile ile. Mpe fundi vipimo ukiwa umeshakivaa, umwambie aache nafasi ya nguo pembeni kushoto na asibane kifua.